Kliniki ya Wajawazito Imechelewa: Hoja Kuhusu Kisukari Kinachotangulia Mimba

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipandisha idadi ya mahudhurio ya mjamzito kutoka manne hadi manane, la kwanza likitakiwa liwe ndani ya wiki 12. Kwa wajawazito kwa jumla sina ugomvi na mwongozo huo. Ugomvi wangu ni pale idadi ya mahudhurio inapofanywa kipimo cha huduma bora kwa mwanamke aliyekuwa na kisukari kabla ya kushika mimba. Kwake yeye, hata hudhurio la wiki ya 10 limechelewa.

Sababu yake inajulikana na haibishaniwi. Mfereji wa neva, unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hufunga takriban siku 28 baada ya mimba kutungwa, na moyo nao huumbika mapema vivyo hivyo. Sukari iliyopanda katika majuma hayo huvuruga uumbaji wa viungo wakati wanawake wengi hawajatambua kuwa ni wajawazito. Insulini ya mwezi wa nne ina kazi kubwa: hupunguza hatari ya mtoto kunenepa kupita kiasi au kufia tumboni. Moyo ulioumbika na kasoro haiurekebishi.

Ushahidi ninaoutegemea zaidi ulichapishwa mwaka 1983 na Fuhrmann na wenzake wa Karlsburg, iliyokuwa Ujerumani Mashariki. Walilinganisha makundi mawili ya akina mama waliotumia insulini. Katika kundi la wanawake 292, udhibiti mkali wa sukari ulianza baada ya wiki ya 8. Watoto 22, yaani asilimia 7.5, walizaliwa na kasoro za maumbile. Katika kundi la 128 ulianza kabla ya mimba. Aliyezaliwa na kasoro alikuwa mmoja tu. Hospitali ilikuwa ileile na ugonjwa uleule. Kilichotofautiana ni tarehe ya kuanza.

Wakosoaji husema wanawake hao 128 walijichagua: anayepanga mimba huwa makini zaidi, pengine na maisha yenye nafuu zaidi. Hilo ni kweli, lakini halitoshi kuupindua ushahidi. Tuongeze visa vinne, viwe 5 kati ya 128: bado asilimia haifiki 4. Tena mwaka 1991 Kitzmiller na wenzake wa California walipata picha iyo hiyo: kasoro kwa asilimia 1.2 ya waliotunzwa kabla ya mimba, dhidi ya 10.9 ya waliochelewa.

Wapo wanaoweka tumaini katika vihisio vinavyosoma sukari mfululizo. Jaribio la CONCEPTT la mwaka 2017 lilionyesha kweli kwamba, kwa wajawazito wenye kisukari cha aina ya kwanza, vilipunguza watoto wakubwa kupita kiasi na waliolazwa katika uangalizi maalumu. Ni faida ya thamani, ila ni ya mimba ambayo tayari iko kliniki. Karlsburg haikuwa na kihisio hata kimoja.

Nasisitiza pia kisukari cha aina ya pili, kinachodhaniwa chepesi kwa kuwa mgonjwa anameza vidonge. Uchunguzi wa kitaifa wa mimba za wanawake wenye kisukari cha aina ya kwanza au ya pili, za mwaka 2002 na 2003 huko Uingereza, ulikuta watoto waliozaliwa wafu wakiwa 26.8 kwa kila 1,000, karibu mara tano ya kiwango cha jumla, na vifo vya watoto karibu na kuzaliwa havikutofautiana kati ya aina hizo mbili.

Basi mahali pa kuanzia ni kliniki ya kisukari na dirisha la uzazi wa mpango. Kila mwanamke wa umri wa kuzaa aulizwe, kila anapokuja kuchukua dawa, kama anatarajia kushika mimba. Asiyetarajia apewe njia ya uzazi wa mpango inayomfaa. Anayetarajia aanze asidi ya foliki miligramu 5 kwa siku, abadilishiwe dawa za shinikizo la damu zinazodhuru kijusi, kama enalaprili, na sukari ishushwe kwanza. Mwongozo wa Uingereza unalenga HbA1c, kipimo cha damu cha wastani wa sukari, chini ya asilimia 6.5 pale inapowezekana bila sukari kushuka mno, na humshauri asishike mimba ikizidi 10. Pasipo na kipimo hicho, glukometa ya kidole itumike mara nyingi kwa siku. Kukosa maabara si sababu ya kutouliza swali.

Kwa wanawake hawa, takwimu ya mahudhurio manane iondolewe katika ripoti za ubora, na mahali pake iandikwe sukari yao ilikuwa kiasi gani siku walipoacha kuzuia mimba.