Kifungo Kisicho na Tarehe

Mahakama ya Chansela nchini Uingereza, katika karne zake za mwanzo, haikuwa na nguvu ya kugusa shamba wala mali ya mtu aliyeikaidi. Ilichoweza kukamata ni mwili wake. Ukiamriwa urudishe hati za ardhi, au utoe hesabu za mirathi uliyoisimamia, nawe ukakataa, ulipelekwa gereza la Fleet, London, ukae humo mpaka utii. Miaka haikutajwa. Baraza la raia halikuitwa kuamua kama kweli hati hizo unazo. Mwizi wa kondoo aliijua siku yake, hata kama ilikuwa siku ya kunyongwa. Aliyeidharau mahakama hakuijua.

Wengine walikuwa wakaidi kweli, wenye fedha walizoficha. Lakini wapo waliokuwa maskini tu: hawakuelewa karatasi walizoletewa, hawakuwa na pesa ya wakili wa kuwajibia, au waliamriwa kutoa kitu kilichokwisha kupotea. Mwaka 1830 Bunge lilipitisha sheria iliyosukumwa na mwanasheria Edward Sugden ili kulegeza utaratibu huo na kuwafungulia njia watu wa namna hiyo. Miaka michache baadaye Charles Dickens, ambaye baba yake alifungwa kwa deni katika gereza la Marshalsea mwaka 1824, aliandika The Pickwick Papers, na ndani yake akamweka mfungwa wa Chansela aliyekaa Fleet miaka 20 akafia humo. Fleet ilifungwa mwaka 1842. Mwaka 1869 kifungo cha deni kikafutwa kwa sehemu kubwa. Kilichobaki ni ile kanuni yenyewe: anayekataa amri ya jaji anaweza kuwekwa ndani mpaka moyo wake ulegee.

Kanuni hiyo ilipovuka bahari ikapata sentensi yake mashuhuri kuliko zote. Wilaya ya St. Clair, Missouri, ilikopa fedha kwa hati za dhamana ili ijengewe reli. Reli haikujengwa, lakini wenye hati wakadai pesa zao, na mahakama ya Marekani ikawaamuru viongozi wa wilaya wawatoze wananchi kodi ya kulipia. Wakakataa, wakafungwa. Mwaka 1902, katika kesi ya Nevitt, jaji Walter Sanborn alieleza kwamba mfungwa wa aina hii ana funguo za jela yake mfukoni: akitii leo, leo hii anatoka. Kwa hiyo, kisheria, hapewi adhabu bali anashurutishwa, na asiyepewa adhabu hadai ulinzi wote wa mshtakiwa wa jinai. Inafaa kukumbuka funguo hizo zilikuwa za nani. Walikuwa watu waliochaguliwa na wakulima, wakiambiwa wawatoze wakulima haohao gharama ya treni ambayo hakuna aliyewahi kuipanda.

Waingereza walianza kuona hatari kabla ya Wamarekani, na waliowaonyesha ni wafungwa wenyewe. Mwaka 1921 madiwani 30 wa Poplar, mtaa wa maskini mashariki mwa London, wakiongozwa na George Lansbury, walikataa kukusanya kodi ya kupeleka kwa mamlaka za jiji zima wakati watu wao hawana kazi wala chakula. Wakafungwa bila kutajiwa muda, wanaume Brixton, wanawake Holloway. Walifanya mikutano ya baraza humohumo gerezani. Baada ya wiki sita wakatoka pasipo kutii, na Bunge likatunga sheria ya kuitaka mitaa tajiri ichangie mzigo wa mitaa maskini. Mwaka 1972 makuli watano wa bandarini walifungwa Pentonville kwa kukaidi amri ya mahakama. Migomo ikasambaa, nao wakawa nje ndani ya siku chache. Mwaka 1981 sheria mpya ikaamua kwamba kifungo cha kuidharau mahakama lazima kiwe na muda uliotajwa, usiozidi miaka miwili.

Marekani ilitunga ukomo kwa vipande vipande. Mwaka 1970 Bunge lake liliweka miezi 18 kuwa mwisho wa kumfunga shahidi anayekataa kusema. Mwaka 1987 daktari Elizabeth Morgan alifungwa Washington kwa kukataa kumtoa binti yake akamwone baba yake. Alidai mtoto hana usalama kwa baba huyo. Alikaa zaidi ya miaka miwili, mpaka mwaka 1989 Bunge lilipotunga sheria ya kuweka ukomo wa miezi 12 kwa kesi za namna hiyo katika jiji hilo. Kifungo hakikumleta mtoto. Alionekana mwaka uliofuata, New Zealand.

Kesi inayonitia uchungu zaidi ni ya Pennsylvania. Wakili H. Beatty Chadwick aliamriwa, katika kesi ya talaka, arudishe dola milioni 2.5. Akasema zimepotea katika biashara mbovu. Mahakama ikaamini amezificha ng'ambo. Akaingia jela Aprili 1995. Jaji mstaafu aliyeteuliwa kuzitafuta hakuziona. Mwaka 2002 mahakama ya rufaa, kwa kalamu ya jaji Samuel Alito, ilisema kwamba maadamu mtu anaweza kutii, wingi wa miaka peke yake haumfungulii mlango. Alitoka Julai 2009, akiwa na miaka 73. Miaka 14, na hakuwahi kushtakiwa kwa kosa lolote la jinai.

Mke wa Chadwick aliyedai haki yake naye aliumia, na sitaki kumpitia juu juu. Anayeficha mali ya mwenzake ni mwizi. Basi ashtakiwe kwa wizi, au kwa kusema uongo chini ya kiapo. Uletwe ushahidi usioacha shaka, apewe wakili, na akipatikana na hatia aambiwe miaka yake. Jaji wa madai hahitaji uhakika wa kiasi hicho ili kuamua kwamba ufunguo upo mfukoni. Na akikosea, mfungwa hana la kufanya: huwezi kutoa usichokuwa nacho, na kila mwaka unaopita ukiwa kimya huhesabiwa kuwa ukaidi zaidi.

Tommy Thompson, aliyeigundua mwaka 1988 meli ya dhahabu SS Central America iliyozama mwaka 1857, alifungwa Desemba 2015 kwa kutosema ziliko sarafu 500. Mwaka 2019 mahakama ya rufaa ilikataa kumpa ukomo wa miezi 18. Jaji alikifuta kifungo hicho cha kushurutisha mwaka 2025, sarafu zikiwa bado hazijulikani ziliko. Nikiziweka kesi hizi tatu pamoja, ya Morgan, ya Chadwick na ya Thompson, naona jambo moja: ambacho jela haikukitoa katika miezi ya mwanzo, miaka haikukitoa.

Kwetu, utaratibu wa madai ulitoka katika sheria ya India ya mwaka 1908, na Tanzania ilipotunga sheria yake mwaka 1966 ilibaki na mwisho wa miezi sita kwa mfungwa wa madai. Kenya nayo vivyo hivyo. Hapa waliozoea kupuuza amri mara nyingi ni wakubwa: Septemba 2024 Mahakama Kuu ya Kenya ilimhukumu miezi sita kaimu mkuu wa polisi, Gilbert Masengeli, aliyeitwa mara kadhaa asitokee, kisha akafika, akaomba radhi, hukumu ikaondolewa. Miezi sita iliyotajwa ilitosha kumleta.

Afrika Kusini ilikwenda mbali zaidi katika hoja. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ilimfunga rais wa zamani Jacob Zuma miezi 15, ikisema kumshurutisha hakuna maana kwa kuwa ameshatangaza hatatii amri yake. Majaji wawili walipinga. Walisema hata kifungo chenye muda, kikiwa cha kuadhibu tu, hakiwezi kutolewa kwa mtu ambaye hakupata kesi ya jinai pamoja na ulinzi wake wote. Hao wawili ndio ninaokubaliana nao.