Kifungu cha 19: Historia ya Abiria Aliyecheleweshwa

Tarehe 12 Oktoba 1929, wajumbe wa serikali mbalimbali walitia saini mkataba mjini Warsaw, Polandi, kuhusu usafiri wa kimataifa wa ndege. Uliandikwa kwa Kifaransa peke yake. Una vifungu 41, na vingi vinahusu tiketi, mizigo, vifo na majeraha. Kifungu cha 19 ni sentensi moja fupi: mchukuzi anawajibika kwa hasara inayotokana na kuchelewa kwa abiria, mizigo au bidhaa katika usafiri wa angani. Hakisemi kuchelewa ni saa ngapi, wala hakisemi hasara hiyo inapimwaje.

Wenzangu wengi chuoni, nilipowaambia nitaandika kuhusu haki za abiria wa ndege, walidhani ni jambo la juzi, lililoletwa na Wazungu wa Umoja wa Ulaya. Ukisoma historia utaona kwamba haki ya aliyecheleweshwa imekuwepo karibu miaka mia moja. Kilichokosekana ni bei yake. Abiria aliambiwa: una haki ya kulipwa, sasa thibitisha umepoteza nini. Hapo ndipo wengi walipokwama, na katika nchi zetu ndipo tulipo hadi leo.

Ili tuuelewe mkataba huo, tukumbuke hali ya usafiri wa ndege wa wakati huo. Mashirika yalikuwa machanga. Ajali moja ingeweza kulifilisi shirika zima, na bima ilikuwa ghali. Kwa hiyo waandishi wa mkataba walifanya biashara ya kupeana. Abiria hakulazimika tena kuthibitisha kosa la shirika, ila malipo yake yakawekewa kikomo. Kikomo hicho kilikuwa faranga 125,000 kwa kila abiria, na faranga yenyewe ilikuwa ya hesabu tu, yenye uzito wa miligramu 65.5 za dhahabu. Baada ya Marekani kupandisha bei ya dhahabu mwaka 1934, kiasi hicho kilikuwa sawa na dola 8,300 hivi. Tena shirika liliweza kujitoa kabisa likionyesha kwamba lilichukua hatua zote zilizohitajika kuzuia hasara, au kwamba haikuwezekana kuzichukua. Mkataba ulianza kufanya kazi Februari 1933. Kwa maoni yangu ulikuwa mkataba wa kuyalea mashirika, na abiria alipata kilichobaki mezani.

Huku kwetu, ndege za abiria zilianza kuja katika miaka hiyohiyo. Tarehe 28 Februari 1931, shirika la Kiingereza la Imperial Airways lilianzisha safari ya kutoka London hadi Mwanza, kwenye Ziwa Viktoria, kupitia Cairo, Khartoum, Juba na Kisumu. Mwanzoni abiria waliishia Khartoum, na barua ndizo zilizoendelea mpaka Mwanza. Mwaka uliofuata njia ikafika Cape Town. Safari ilichukua siku kadhaa, na abiria walilala njiani kila usiku. Dhoruba, ukungu au injini mbovu vikiongeza siku moja, hakuna aliyeshangaa, maana njia nyingine ilikuwa meli ya wiki nyingi. Nadhani hii ni sababu mojawapo ya kifungu cha 19 kulala usingizi kwa muda mrefu. Abiria walikuwa wachache, wengi wao wakubwa wa serikali na matajiri, na kuchelewa kulihesabiwa kuwa sehemu ya safari.

Vita vya kwanza vya abiria dhidi ya mkataba wa Warsaw havikuwa vya kuchelewa, vilikuwa vya vifo. Mwaka 1955, mjini The Hague, kikomo kiliongezwa mara mbili. Marekani iliona bado ni kidogo mno, na Novemba 1965 ikatoa taarifa ya kujitoa katika mkataba. Iliirudisha taarifa hiyo Mei 1966, baada ya mashirika kukubali kikomo cha dola 75,000 kwa safari zinazogusa ardhi yake. Sitakaa sana hapo. Lakini kuna kesi moja ya wakati huo inayomhusu kila mtu aliyewahi kushika tiketi. Ndege ya shirika la Alitalia ilianguka Shannon, Ireland, mwaka 1960, na ndugu za waliokufa walishtaki New York. Shirika lilisema kikomo kimeandikwa kwenye tiketi. Kweli kilikuwa kimeandikwa, ila kwa herufi ndogo sana, za pointi 4.5, ambazo mtu angehitaji miwani ya kukuzia ili azisome. Mahakama ya rufaa ilisema mwaka 1966 kwamba taarifa isiyosomeka si taarifa, na shirika likanyimwa ule mwavuli wa kikomo. Napenda kesi hii kwa sababu majaji walijiuliza swali rahisi: je, msafiri wa kawaida angeweza kujua?

Swali la kuchelewa liliamshwa na uuzaji wa viti kupita kiasi. Mashirika yaligundua kwamba katika kila safari wapo watu wasiotokea, kwa hiyo yakauza tiketi nyingi kuliko viti. Wote wakitokea, mtu anaachwa. Tarehe 28 Aprili 1972 aliyeachwa alikuwa Ralph Nader, mtetezi maarufu wa walaji, aliyekuwa anatoka Washington kwenda Hartford kuhutubia mkutano. Tiketi yake ilikuwa imethibitishwa. Shirika la Allegheny lilimpa fidia ya kawaida, akaikataa, akaenda mahakamani. Jaji wa kwanza alipopima hasara yake halisi alipata dola 10. Dola kumi! Kilichoifanya hukumu iwe nzito ni dola 25,000 za adhabu, kwa sababu shirika halikuwaambia wateja kwamba huuza viti kupita kiasi. Kesi ilipanda na kushuka kwa miaka. Mwaka 1976 Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali kwamba abiria wa namna hiyo anaweza kulishtaki shirika kwa udanganyifu. Miaka miwili baadaye serikali ilitoa kanuni mpya: kabla ya kumwacha mtu kwa nguvu, shirika litafute kwanza wa kujitolea na kumlipa. Wazo hilo lilikuwa limetolewa tangu 1968 na mchumi Julian Simon, na mashirika yakalicheka.

Nazirudia zile dola kumi kwa sababu ndizo kiini cha insha yangu. Mtu anayejulikana nchi nzima, mwenye mawakili wazuri, alikosa mkutano uliokuwa unamngoja, na hasara yake halisi ikahesabiwa kuwa bei ya chakula cha jioni. Je, muuza ndizi wa Mbarara angethibitisha shilingi ngapi?

Ulaya ilijibu swali hilo kwa kuacha kumuuliza abiria. Mwaka 1991 ilitunga kanuni ya walioachwa uwanjani, ikaweka kiasi kisichobadilika. Kisha Februari 2004 ikaja kanuni namba 261, iliyoanza kutumika tarehe 17 Februari 2005. Safari ikifutwa bila taarifa ya mapema, abiria analipwa euro 250, 400 au 600 kulingana na umbali, pamoja na chakula, na hoteli ikibidi kulala. Haulizwi alikuwa anaenda arusini au kwenye mnada wa ng'ombe. Shirika halilipi fidia likithibitisha kwamba sababu ilikuwa tukio lisilo la kawaida ambalo lisingeweza kuepukwa, na mwaka 2008 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilisema kwamba ubovu wa ndege, kwa kawaida, hauingii humo. Kutunza ndege ni kazi ya shirika ya kila siku.

Lakini kanuni hiyo ilikuwa na tundu. Fidia iliandikwa kwa safari iliyofutwa, haikuandikwa kwa iliyochelewa. Familia moja ilifika saa 25 baada ya wakati wake katika safari ya Condor kati ya Toronto na Frankfurt, na shirika likasema: hatukufuta, tulichelewa tu. Tarehe 19 Novemba 2009, katika kesi inayoitwa Sturgeon, majaji walikataa mchezo huo wa maneno. Walisema abiria anayefika akiwa amechelewa saa tatu au zaidi amepoteza kitu kilekile alichopoteza wa safari iliyofutwa, yaani muda, na muda haurudishwi. Mashirika yalilalamika kwamba majaji wametunga sheria, na ukisoma maneno ya kanuni yenyewe utaona walikuwa na hoja. Hata hivyo, mwaka 2012 mahakama ilirudia msimamo wake. Juni 2025 mawaziri wa nchi za Umoja huo walikubaliana kutaka saa hizo ziongezwe ziwe nne, na sita kwa safari ndefu. Kwa hiyo hata huko jambo hili halijatulia.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaishi chini ya mkataba mwingine, ule wa Montreal wa 1999, ulioanza kufanya kazi Novemba 2003 kuchukua nafasi ya Warsaw. Kenya iliuridhia 2002, Tanzania 2003, na Uganda ikafuata miaka mingi baadaye. Nchi za Ghuba wanakofanya kazi ndugu zetu wengi zimo pia. Ukifungua kifungu chake cha 19 utamkuta rafiki yetu wa 1929, karibu neno kwa neno. Kikomo cha fidia ya kuchelewa kinahesabiwa kwa kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na tangu Desemba 2024 kinazidi dola 8,000. Kinaonekana kikubwa kuliko euro 600, lakini kile ni kikomo, si malipo. Abiria bado anatakiwa kuleta hasara yake mkononi, na shirika bado linaweza kujitoa likionyesha kwamba lilifanya kila lililowezekana kwa haki.

Tokeo lake ni la ajabu kidogo. Kanuni ya Ulaya inayafunga mashirika yote yanaporuka kutoka Ulaya, na mashirika ya Ulaya peke yake yanaporuka kwenda huko. Basi chukua abiria wawili waliosimama Entebbe usiku mmoja, wote wanakwenda Brussels. Wa kwanza anapanda shirika la Ulaya, wa pili anapanda shirika la nje ya Ulaya. Wote wakifika saa tano baada ya wakati kwa ubovu wa injini, wa kwanza anadai euro 600 kwa kujaza fomu. Wa pili anatafuta risiti.

Shangazi yangu ni wa kundi la pili. Alikuwa akifanya kazi za nyumbani Ghuba kwa miaka minne. Bibi alipofariki alipata ruhusa na tiketi ndani ya siku moja, na wazee wakakubali kuahirisha mazishi hadi kesho yake saa kumi jioni ili mtoto amzike mama yake. Ndege yake ya pili ilichelewa saa 19. Waliambiwa ni "sababu za uendeshaji", wakapewa kuponi moja ya chakula. Watu wa mbali walikuwa wameshaanza kuaga, na wazee hawakuweza kungoja tena. Yeye alifika nyumbani, karibu na Masaka, siku iliyofuata alfajiri, akaenda kaburini na kanga aliyoinunua kwa ajili ya kumfunika.

Nilipoketi naye kutafuta hasara yake kwa mujibu wa kifungu cha 19, tulipata gari la kukodi lililomngoja Entebbe bure, na la pili alilolipia. La kwanza halikuwa na risiti. Huzuni yenyewe ni vigumu kuidai: mahakama nyingi za Marekani, kwa mfano, zimekataa kulipia maumivu ya moyo peke yake chini ya kifungu hicho. Yeye mwenyewe alicheka, akasema, "Mwanangu, waandikie tu kwamba nilikuwa na mama."

Mkataba wa Montreal ulitolewa rasmi kwa lugha sita: Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi. Nilimtafsiria shangazi kifungu cha 19 kwa Kiswahili, lugha aliyoizungumza na Wakenya na Watanzania kule kazini, na ilinichukua karibu jioni nzima kutafuta namna ya kulieleza neno "hasara" bila kumfanya adhani ni la biashara tu. Kifungu cha 35 kinampa miaka miwili tangu siku ya kufika kufungua shauri. Yake inaisha Novemba. Barua ya kwanza tumeshaituma kwa shirika, pamoja na nakala ya tiketi, ile kuponi ambayo hakuitumia, na risiti ya gari la pili.