Visiwa vya Ukungu: Historia ya Ndege wa Tao la Mashariki

Tao la Mashariki ni safu ya milima ya kale inayoanzia Taita, kusini-mashariki mwa Kenya, ikapita Upare na Usambara, ikashuka Nguu, Nguru, Ukaguru, Rubeho na Uluguru, hadi Udzungwa na Mahenge nchini Tanzania. Wataalamu huigawa katika mafungu 13, kila fungu likitengwa na jirani yake kwa nyika kavu ya migunga na mibuyu. Kilimanjaro na Meru haimo, ingawa iko karibu, kwa kuwa hiyo ni milima ya volkeno na umri wake ni mdogo sana. Miamba ya Tao ni ya zamani mno, na milima yenyewe ilianza kuinuka takriban miaka milioni 30 iliyopita. Jina la Tao la Mashariki ndilo jipya: lilienea miaka ya 1980 kupitia kazi za mtaalamu wa mimea Jon Lovett.

Uhai wa milima hii hutoka baharini. Upepo wa Bahari ya Hindi hubeba unyevu hadi kwenye miteremko ya mashariki, ukageuka ukungu na mvua. Hata zama zile ambapo Afrika ilikauka na misitu ya bara ikarudi nyuma, bahari haikuacha kuinywesha Usambara wala Uluguru. Misitu ikabaki, na ndege wake wakabaki nayo, kila kundi kilimani pake kama watu wa kisiwani, hadi mengine yakawa spishi za peke yake. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2007 ilihesabu wanyama 96 wenye uti wa mgongo wasiopatikana popote duniani ila kwenye Tao, na kati yao 19 ni ndege. Kwa eneo dogo kiasi hiki, huo ni utajiri wenye wachache wa kuulinganisha nao.

Wenyeji waliwajua ndege hao kwa milio, kwa mitego na kwa majina ya lugha zao muda mrefu kabla ya mtaalamu wa kwanza kufika. Historia iliyoandikwa ilianza na Wajerumani. Mwaka 1902 walijenga taasisi ya utafiti wa kilimo na viumbe huko Amani, Usambara Mashariki, kwa lengo la kujaribu mazao ya biashara. Ndege walichunguzwa kando ya shughuli hiyo. Mwaka 1907 Anton Reichenow wa Berlin alimweleza kitaalamu ndege mdogo wa kivulini kutoka Usambara anayeitwa leo Sheppardia montana, na mwaka uliofuata akamtangaza bundi mkubwa wa Usambara, Bubo vosseleri, aliyepewa jina la Julius Vosseler, mtaalamu wa wanyama aliyefanya kazi Amani.

Mtu aliyeifanya Amani ijulikane kwa ndege alikuja baadaye, chini ya Waingereza, na hakuwa mwanasayansi wa kusomea. Reginald Moreau alikuwa karani wa hesabu za jeshi, akahamishiwa Cairo kwa sababu ya ugonjwa wa viungo, na huko ndiko alikoanza kuwapenda ndege. Alifika Amani mwaka 1928 akakaa hadi 1946. Mchana alishika kazi za ofisi ya kituo, na saa zilizobaki aliwapa ndege. Karibu naye walikuwapo wasaidizi Waafrika waliopanda milima, wakakaa saa nyingi kando ya viota na kuandika kila mara mzazi alipoleta chakula. Kazi nyingi za Moreau kuhusu uzazi wa ndege zilisimama juu ya daftari za watu hao. Majina ya spishi yalikwenda kwa wengine. Hilo ni pengo katika historia hii, na linastahili kutajwa wazi.

Mwaka 1931 William Sclater alitangaza ndege mdogo wa kijivu mwenye mdomo mrefu kutoka Amani, Artisornis moreaui, kwa heshima ya Moreau. Ni wa jamii ya ndege washonaji, na hupendelea mitambaazi inayosongamana penye upenyo wa msitu. Jamaa yake wa karibu kabisa yuko uwanda wa Njesi, Msumbiji, karibu kilomita 1,000 kusini, na katikati hamna kitu. Mwaka 1938 Moreau mwenyewe alimtangaza ndege mwingine mla wadudu kutoka Uluguru akampa jina la mkewe, Winifred. Mwaka huohuo alimtangaza pia apalis wa Taita, ndege ambaye hali yake sasa ni mbaya kuliko ya wenzake karibu wote.

Uluguru nayo ilikuwa na wageni wake. Arthur Loveridge, aliyejulikana zaidi kwa nyoka, mijusi na vyura, alikusanya huko ndege waliotangazwa katika miaka ya 1920, akiwamo chozi anayebeba jina lake na tiva wa Uluguru, Malaconotus alius. Tiva huyu ni ndege mzuri wa kutazama: kofia nyeusi tititi, mgongo wa kijani, tumbo la manjano. Shida ni kumwona. Hukaa juu kabisa kwenye vilele vya miti, na anayemtafuta husikia sauti yake mara nyingi kabla ya kuona hata unyoya. Uluguru ina misitu miwili, wa kaskazini na wa kusini, iliyotenganishwa na pengo la Bunduki ambako miti ilifyekwa. Tiva anajulikana upande wa kaskazini tu.

Baada ya uhuru, macho yaligeukia Udzungwa. Mwaka 1981 mtafiti wa Denmark alikuta chozi asiyejulikana katika msitu wa Mwanihana, akatangazwa mwaka 1983. Jambo lililowashangaza wataalamu zaidi lilitokea miaka kumi baadaye, nalo lilianzia jikoni. Mwaka 1991 watafiti wa Denmark walikuwa wamepiga kambi ndani ya milima hiyo. Kitoweo cha siku kilikuwa ndege aliyenaswa msituni. Sufuria ilipofika, watafiti waliona miguu isiyofanana na ya kwale yeyote waliyemfahamu. Wakaanza kumtafuta akiwa hai, wakampata: ndege wa ukubwa wa kwale, uso wa rangi ya kutu, tumbo la kijivu lenye madoa meusi, mdomo mwekundu na miguu ya manjano, akichakura majani makavu chini ya miti.

Alipotangazwa rasmi mwaka 1994, ilibainika kwamba ndugu zake wa karibu si kwale wa Afrika, bali kwale wa misitu ya milima ya Asia. Maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba babu zake walifika zama za kale, misitu ilipokuwa imeungana kupitia Uarabuni, kisha ukame ukakata njia nyuma yao. Kwa wawindaji wa vijiji vya jirani huyo alikuwa mboga ya kawaida, na hakuna aliyekuwa amewauliza. Baadaye kundi jingine liligunduliwa Rubeho, na wataalamu wengine huliona kuwa spishi ya pili. Udzungwa ikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 1992, yenye kilomita za mraba 1,990.

Wakati ugunduzi ukiendelea, misitu ilikuwa ikipungua. Wakulima wa kahawa wa Kijerumani walifyeka Usambara wakakuta udongo hauifai. Baadaye ikaja chai, kisha iliki, inayopandwa chini ya kivuli cha miti mikubwa huku miche yote ya chini ikifyekwa, na baada ya miaka kadhaa udongo huchoka. Miaka ya 1970 na 1980 ukataji wa mbao kwa mashine, uliosaidiwa na Finland, uliingia Usambara Mashariki. Kelele za wanasayansi na wenyeji zikaukomesha, na Finland ileile ikarudi mwanzoni mwa miaka ya 1990 kugharimia ulinzi wa misitu ya vyanzo vya maji. Makovu yalibaki. Mti wa kigeni uitwao Maesopsis, ulioletwa kwa ajili ya mbao, ulijaa kila palipofunguka. Hondohondo hula matunda yake na kuzidondosha mbegu ndani ya msitu mzima, hivyo ndege wa msitu akawa mpanzi wa mti unaoubadili msitu wake.

Kuanzia mwaka 1987 mwanasayansi William Newmark na wenzake wa Tanzania wamekuwa wakifanya kazi ya uvumilivu mkubwa katika vipande vya msitu wa Usambara. Kabla ya jua kuchomoza, nyavu nyembamba kama utando hutandazwa kati ya miti. Ndege anayenaswa hunasuliwa kwa vidole viwili vitatu, hupimwa uzito, huvishwa pete ndogo mguuni, kisha huachiwa. Mwaka baada ya mwaka pete hueleza nani bado yuko. Jibu ni chungu. Ndege wa kivulini, wale wanaoishi mita chache kutoka chini, hupotea mmoja mmoja katika vipande vidogo, na viota vyao huharibiwa zaidi kuliko vya msitu mpana. Mwenye mabawa angeweza kuruka hadi msitu wa jirani kwa dakika moja, lakini ndege aliyezaliwa gizani haingii kwenye jua la shamba. Mita mia chache za mahindi kwake ni bahari.

Tatizo lina sura nyingine pia. Neville Burgess na Charles Mlingwa walikusanya ushahidi kwamba spishi kadhaa hushuka milimani wakati wa baridi kwenda misitu ya chini, kisha hurudi kuzaliana. Misitu ya chini ndiyo iliyofyekwa zaidi. Na utafiti uliochapishwa mwaka 2021, ukilinganisha Usambara ya sasa na ya takriban miongo minne nyuma, ulionyesha ndege wakihamia juu kadiri joto linavyopanda. Kilele kina mwisho.

Kwa hiyo kazi kubwa ya hifadhi imekuwa kulinda kilichobaki na kuunga vilivyokatika. Amani ilitangazwa mwaka 1997 kuwa hifadhi ya kwanza ya mazingira asilia Tanzania, ikafuatwa na nyingine, Uluguru ikiwamo mwaka 2008. Mfuko wa hifadhi ya Milima ya Tao la Mashariki ulianzishwa mwaka 2001 ili fedha zisitegemee miradi ya miaka mitatu mitatu. Hoja iliyowafikia wengi mijini ilikuwa maji: Ruvu unaonywesha Dar es Salaam hupata maji yake Uluguru, na Zigi unaonywesha Tanga hutoka Usambara. Huko Derema, wakulima zaidi ya 1,000 walitoa mashamba ya iliki ili ushoroba wa msitu uungane tena. Malipo yalichelewa kwa miaka, na malalamiko yao yalikuwa ya haki, kwani iliki ndiyo iliyokuwa karo za shule na mabati ya nyumba.

Taita ndiko kulikokatika zaidi. Misitu ya asili iliyosalia juu ya vilima hivyo ni kilomita za mraba chache tu, ikigawanyika Mbololo, Ngangao, Chawia na vipande vingine vidogo. Vingine vilinusurika kwa kuwa vilikuwa fighi, mahali patakatifu ambapo wazee wa Kitaita hawakuruhusu panga. Watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wa Ubelgiji wakiongozwa na Luc Lens walikuta kwamba katika Chawia, msitu ulioharibika zaidi, ndege waitwao mikesha wa Taita walikuwa na madume wengi kupita majike. Apalis wa Taita amewekwa katika daraja la walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Kati ya vipande hivyo kuna mashamba ya misonobari na mikaratusi yaliyopandwa na serikali enzi zilizopita, na ni katika nafasi hizo ambapo miche ya miti ya asili imeanza kupandwa, ili kivuli kirudi kati ya Ngangao na majirani zake.