Saa Nne Usiku, Karagita

Nilikulia kwenye ploti ya mabati hapa Karagita. Saa nne usiku landilodi alizima stima, uwe umemaliza homuweki au la. Ng'ambo ya ua wa shamba, taa za maua ziliendelea kuwaka. Kwa miaka niliamini maua yanapendwa kuliko sisi. Kumbe yalikuwa yanadanganywa.

Mwaka 1920, Garner na Allard, watafiti wa Marekani, walionyesha kwamba mimea mingi hufuata urefu wa mchana na usiku ili ijue lini itoe maua. Krisanthemamu huchanua usiku ukiwa mrefu. Naivasha tuko karibu na ikweta, usiku ni kama saa 12 mwaka mzima. Ukiiacha hivyo, inachanua ikingali fupi, na soko linataka shina refu. Basi usiku unakatwa kwa taa, mmea unadhani siku bado ni ndefu, unarefuka. Taa zikizimwa, maua yanakuja.

Ni kampuni ya Denmark, Dansk Chrysanthemum, iliyoanza kulima maua haya kwa ukubwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960. Shamba la Naivasha baadaye likawa Sulmac. Mwaka 1981 Olkaria nayo ikaanza kutoa umeme wa mvuke, hapo tu nyuma ya vilima.

Waridi zetu zinatosheka na jua. Uholanzi wanawasha taa na hita. Hesabu ya Chuo Kikuu cha Cranfield ya 2007 ilikuta waridi 12,000 za Kenya, ndege ikiwemo, zinatoa kilo 6,000 za kabonidioksidi. Za Uholanzi, 35,000.

Mama alikuwa skauti: anapita kila mstari na lenzi, anageuza majani kutafuta utitiri. Alizoea kusema, "Palipobanana ndipo wanaanzia." Nilipoacha chuo kwa kukosa karo, nilianza kujisomea mambo haya kwa simu, nikakuta watafiti wanakaribiana naye. Mmea ukihisi kivuli cha majirani, kwa mwanga mwekundu wa mbali unaorudishwa na majani yao, unakimbilia kurefuka na kupunguza kinga yake dhidi ya wadudu.

Nilimsomea. Alicheka. "Hiyo nilijua bila stima."

Kisha akauliza karo iliyobaki ni ngapi.