Hodi ya Pesa

Ukilipa bili kwa Paybill pale Kuze, meseji inakufikia kwa sekunde. Kuna nyingine huioni: kama duka limeunganisha mfumo wake, M-Pesa inaipigia hodi seva ya mwenye duka. Hodi hiyo imetoka mbali.

M-Pesa ilianza Machi 2007, seva zake zikiwa ng'ambo. Yaani ukimtumia jirani wa mlango wa pili mia mbili, hesabu inapigwa Ulaya. Na intaneti yetu ya nje wakati huo ilitegemea setilaiti, ghali na ya kobe. Juni 2009 kebo ya TEAMS ikafika Mombasa kutoka Fujairah, kwenye Ghuba ya Oman, bahari ile ile iliyotuletea majahazi ya kaskazi hadi Bandari ya Kale. Aprili 2015 seva za M-Pesa zikahamia Kenya. Mwaka 2017 Safaricom ikafungua Daraja, na kijana mwenye laptopu akaweza kujiunganisha mwenyewe.

Kujiunganisha ni kuweka mlango. Unasajili anwani mbili: moja ya kuulizwa, “Tuyapokee malipo haya?” na nyingine ya kuarifiwa kwamba yamepita. Programu ikibaki kwenye laptopu yako, hakuna atakayeifikia. Lazima uipandishe kwenye seva yenye anwani ya wazi, yenye HTTPS, iliyo macho usiku na mchana. Stima ikikatika mtaani, seva isilale.

Lakini kuna sehemu moja wengi huijaza haraka haraka kwa kunakili mfano: seva yako isipojibu lile swali la kwanza, malipo yakamilishwe au yafutwe? Hapo ndipo penye uzito. Ukichagua yakamilishwe, pesa itaingia hata kama mteja amekosea namba ya akaunti, na wewe ndiye utakayehangaika kuitafuta ni ya nani. Ukichagua yafutwe, mama aliyejaza kila kitu sawasawa anakataliwa kwa sababu seva yako imelala, na foleni nyuma yake inamtazama kama hana pesa.

Hakuna chaguo lisilo na gharama. Mimi naona mwenye mlango ndiye abebe: akamilishe, kisha akeshe na hesabu zake. Mgeni aliyebisha hodi vizuri hana kosa.