Twiga, Kasuku na Nauli ya Mkulima wa Pamba

Tarehe 28 Februari 1931, ndege ya Imperial Airways iliondoka Croydon, kusini mwa London, ikiwa imebeba barua za Afrika. Safari ilikuwa ya vipande vipande. Kutoka Cairo hadi Khartoum barua zilikwenda kwa ndege ya magurudumu; kutoka Khartoum zikapakiwa kwenye ndege za maji aina ya Short Calcutta, zilizofuata Mto Nile hadi Ziwa Victoria. Baada ya siku zipatazo 10 zikashushwa Mwanza, na hapo ndipo njia ilipokomea. Kwa miezi kadhaa, kabla njia haijasogezwa hadi Cape Town Januari 1932, mji huo wa Usukumani ulikuwa kituo cha mwisho cha shirika la ndege la dola ya Uingereza katika Afrika.

Kwa watu wa Bariadi na Maswa, ndani ya Usukumani huohuo, chombo kilichobadilisha maisha miaka ile hakikuwa hicho cha angani. Reli ilikuwa imefika Mwanza mwaka 1928, ikipita Malampaka, ndani ya Maswa, na treni ilichukua pamba. Ndege ilichukua barua za maofisa na wafanyabiashara. Njia iliporefushwa kwenda Cape Town ilipitishwa Nairobi, Moshi na Dodoma, na Mwanza ikaachwa kando bila mkulima yeyote wa Usukumani kuulizwa, kwa kuwa haikuwa imeletwa kwa ajili yake.

Eneo ambalo leo ni Mkoa wa Simiyu limepitiwa na mifumo mitatu ya usafiri wa anga, yote ikiwa imebuniwa Ulaya: shirika la dola, shirika la taifa, na shirika la nauli nafuu. Miwili ya kwanza ilipita juu ya mashamba ya pamba ikiwa na shughuli zake. Wa tatu ndio uliomhesabu mtu wa Bariadi kuwa abiria, nao haukudumu.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Waingereza walianzisha East African Airways, iliyoanza kazi Januari 1946 kwa msaada wa BOAC, shirika lililorithi Imperial Airways. Wamiliki wake walikuwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, huku Kenya ikishika sehemu kubwa kuliko wengine wote. Shirika lilianza na videge vidogo vya mbao na turubai, De Havilland Dragon Rapide. Kufikia mwaka 1960 lilikuwa na ndege za jeti aina ya Comet, na miaka michache baadaye likapata Super VC10 za kwenda London. Ulikuwa urithi mkubwa, na nchi tatu huru ziliushindwa. Madeni yasiyolipwa kati ya washirika, chuki kati ya Nyerere wa Tanzania na Idi Amin wa Uganda, na mvutano wa siasa za Nairobi na Dar es Salaam vilitosha. Mwanzoni mwa mwaka 1977 ndege zikasimama. Kenya ilianzisha Kenya Airways Januari mwaka huohuo, na Machi Tanzania ikaunda Shirika la Ndege Tanzania, yaani Air Tanzania, lililochora twiga kwenye ndege zake.

Twiga huyo alipendwa, na bado anapendwa. Nchi maskini kuwa na Boeing 737 yenye rangi zake ilikuwa sehemu ya uhuru wenyewe, na Ulaya ilikuwa imetangulia kufikiri hivyo: Ubelgiji ilikuwa na Sabena tangu mwaka 1923, Uholanzi KLM tangu 1919, na hakuna serikali iliyohesabu faida peke yake. Hesabu ndizo zilizolisumbua shirika letu. Ndege chache, vipuri vya kununuliwa kwa dola zisizopatikana, na abiria ambao wengi walikuwa watumishi wa umma wanaosafiri kwa fedha za ofisi. Mkulima wa Maswa aliyeuza pamba yake kwa chama cha ushirika hakuwa na sababu ya kukata tiketi ya ndege hata kama nafasi zilikuwepo. Alipanda treni, au basi, au hakusafiri.

Njia ya Mwanza iliwahi kutangazwa dunia nzima kwa sababu mbaya. Februari 1982 vijana wa Kitanzania waliiteka Boeing 737 ya shirika hilo ilipokuwa ikitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam, wakidai Nyerere ajiuzulu. Ndege ilipelekwa Nairobi, Jeddah, Athens, na mwishowe Stansted, kiwanja kilichoko mashambani kaskazini mwa London. Kule watekaji walijisalimisha baada ya mazungumzo. Abiria waliodhani watakuwa Dar es Salaam baada ya saa moja na nusu walijikuta kwenye baridi ya Uingereza.

Stansted ilikuja kuwa jina kubwa kwa jambo tofauti kabisa. Kuanzia mwaka 1987 Jumuiya ya Ulaya iliondoa vizuizi vya biashara ya anga hatua kwa hatua, na kufikia Aprili 1997 shirika la nchi yoyote mwanachama liliweza kurusha ndege popote ndani ya soko hilo, hata kati ya miji miwili ya nchi nyingine. Ryanair ya Ireland iliifanya Stansted kuwa kituo chake kikuu cha Uingereza. EasyJet ya Stelios Haji-Ioannou ilianza Novemba 1995 ikitoka Luton kwenda Scotland kwa nauli ya pauni 29, ikiwa imeandika namba ya simu ya kukatia tiketi ubavuni mwa ndege. Ndege za aina moja, viwanja vya bei ndogo, chakula cha kununua, na ndege kukaa chini dakika chache kabla ya kuruka tena: hayo ndiyo yaliyoshusha nauli. Mashirika ya taifa yakatetereka. Swissair ilisimamisha ndege Oktoba 2001 kwa kukosa fedha, na mwezi uliofuata Sabena, ambayo Swissair ilikuwa na asilimia 49.5 ya hisa zake, ikafilisika.

Asilimia hizo za karibu na nusu zina historia yake Afrika Mashariki pia. Mwaka 2002 serikali ya Tanzania iliiuzia South African Airways asilimia 49 ya shirika la Twiga, kwa mfano uleule: mgeni mwenye uwezo analeta ujuzi, mwenyeji anabaki na bendera. Mwaka uliofuata Kenya Airways ikanunua asilimia 49 ya Precision Air, kampuni aliyoianzisha Michael Shirima Arusha mwaka 1991. Ndoa na Waafrika Kusini ilivunjika mwaka 2006. Shirika lilirudi mikononi mwa serikali likiwa hoi, na Desemba 2008 mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA, ililinyang'anya cheti cha urushaji kwa wiki kadhaa. Precision ilisalia, na kwa muda mrefu wasafiri wa Kanda ya Ziwa waliitegemea yenyewe kuliko Twiga.

Mwaka 2012 ulileta mambo mawili. Machi, Wilaya za Bariadi, Maswa na Meatu zilitolewa Shinyanga, zikaungana na eneo lililotoka Mwanza, Busega, na Mkoa wa Simiyu ukazaliwa, makao makuu yakiwa Bariadi. Tarehe 29 Novemba, Fastjet ikarusha ndege zake za kwanza kutoka Dar es Salaam: moja kwenda Kilimanjaro, nyingine Mwanza. Nyuma yake walikuwa kampuni ya Lonrho na Stelios yuleyule wa easyJet. Ndege zilikuwa Airbus A319 zenye viti 156, na mkiani kulikuwa na kasuku wa kijivu. Nauli ya kuanzia ilitangazwa kuwa shilingi 32,000 kabla ya kodi na tozo za kiwanja.

Nauli hiyo inastahili kupimwa kwa kipimo cha Simiyu. Msimu huo kilo ya pamba ilinunuliwa kwa shilingi 660, bei iliyowakasirisha wakulima kwa kuwa ilikuwa imeshuka vibaya kutoka mwaka uliotangulia. Hata kwa bei hiyo mbaya, kilo 49 za pamba zilitosha nauli ya kuanzia, kwa yule aliyewahi kukata mapema. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1931, safari ya angani iliingia kwenye hesabu za mkulima mwenyewe. Mwalimu wa Itilima mwenye mgonjwa Muhimbili, mfanyabiashara wa Lamadi anayefuata mzigo Kariakoo, mwanafunzi wa chuo: hawa ndio waliojaza viti. Tiketi ililipiwa kwa simu, bila kadi ya benki, na hapo Tanzania ilikuwa mbele ya kina easyJet.

Mwandishi wa historia hii hana budi kusema wazi kwamba miaka sita ya Kasuku ilimfaa msafiri wa Bariadi kuliko miaka 35 ya Twiga iliyoitangulia. Kilichouangusha mfumo wa nauli nafuu si uvivu wa soko. Ulaya ilikuwa imeufungulia anga nzima. Afrika Mashariki kila njia ya kimataifa iliombwa kwa barua na kusubiriwa. Fastjet ilianza kuruka Dar es Salaam hadi Nairobi, miji miwili jirani, Januari 2016 tu, zaidi ya miaka mitatu tangu izaliwe. Hakukuwa na kiwanja cha pili cha bei nafuu karibu na Dar es Salaam wala Mwanza. Ndege zilikodiwa kwa dola na tiketi ziliuzwa kwa shilingi. Kampuni ilibadili Airbus kwa Embraer ndogo, ikahamisha ofisi, ikabadili wakuu, bado hasara ikaendelea. Novemba 2018 tawi la Tanzania liliuzwa kwa Lawrence Masha, aliyewahi kuwa mbunge wa Nyamagana, Mwanza. Desemba, TCAA ikatoa notisi ya siku 28 ya kusudio la kufuta leseni kwa sababu ya madeni, na Kasuku hakuruka tena.

Wakati huo Twiga alikuwa amefufuliwa. Serikali ya John Magufuli ilinunua Q400 mbili mwaka 2016, Dreamliner mwaka 2018, kisha Airbus A220, za kwanza barani Afrika. Mwanza ikapata ndege mpya, safi, zinazoaminika zaidi kuliko zile za zamani. Lakini ripoti za Mkaguzi Mkuu zimeendelea kuonyesha hasara: shilingi bilioni 56.64 mwaka 2022/23, bilioni 91.8 mwaka uliofuata, sehemu yake ikitokana na A220 kukaa chini kwa hitilafu za injini. Kisha Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliizuia Air Tanzania kuingia katika anga yake, na Juni 2025 ukazuia mashirika yote yenye vyeti vya Tanzania, kasoro kubwa iliyotajwa ikiwa usimamizi dhaifu wa TCAA yenyewe. Anayesafiri kutoka Simiyu kwenda Ulaya sasa anapanda shirika la mtu mwingine, na yapo mengi ya kuchagua: KLM, ambayo huunganisha Amsterdam na Kilimanjaro, ingali ikitua.

Simiyu, yenye watu zaidi ya milioni 2.1 kwa sensa ya mwaka 2022, iko kwenye orodha ya viwanja 11 vya mikoa ambavyo serikali ilivifanyia upembuzi yakinifu ili vijengwe au vikarabatiwe. Majirani wa Shinyanga wametangulia: kiwanja chao cha Ibadakuli kiliwekwa kwenye mradi wa mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, pamoja na Tabora, Kigoma na Sumbawanga. Mtu wa Bariadi mwenye tiketi ya Dar es Salaam bado anashika barabara ya Lamadi, anapita Magu, anafika Mwanza, na huko anachagua kati ya Air Tanzania na Precision, kwa nauli ambayo mwezi wa kuuza pamba huweza kuifikia na mwezi wa kupalilia hapana.