Kiberiti cha matopeni

Ukisema kiberiti, wengi watafikiria njiti za kuwashia jiko. Lakini neno hili tulilipata kwa Waarabu likiwa na maana ya madini ya manjano, yale ambayo vitabu vya shule huyaita salfa. Njiti zilirithi jina tu.

Maana hiyo ya kale inanukia hadi leo katika pwani ya Unguja. Wanawake hufukia makumbi ya nazi kwenye matope ya ufukweni, wakayaacha miezi kadhaa yalainike, ndipo wayapige wapate usumba wa kusokotea kamba. Siku ya kufukua, shimo hutoa harufu kali ya mayai viza. Hicho ni kiberiti, kimeungana na haidrojeni kikawa gesi.

Kazi hiyo hufanywa na bakteria wanaoishi pasipo oksijeni. Wao hupumua salfeti, chumvi yenye kiberiti ndani yake, na bahari inayo tele: karibu gramu 2.7 katika kila lita. Hula mabaki yaliyooza, kisha hutoa gesi ile inayonuka. Gesi ikikutana na chuma kilichomo matopeni, huzaa weusi ule unaoganda miguuni. Mwanasayansi Martinus Beijerinck alieleza habari za bakteria hawa huko Uholanzi mwaka 1895.

Salfa ni neno zuri la maabara, sina ugomvi nalo. Ila mwalimu wa Jambiani, huko huko pwani ya Unguja, akifundisha somo hili, naomba aanze na kiberiti, na darasa lishuke ufukweni maji yakitoka.